Kusomea udaktari na afya ya umma ng'ambo: maswali ambayo vijana wa Bukavu huuliza mara kwa mara

Tangu niliporudi Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka Ubelgiji, ambako nilisomea shahada ya uzamili ya afya ya umma baada ya miaka sita ya kazi katika hospitali moja ya kando ya Ziwa Kivu, haupiti mwezi bila mtu kuniuliza maswali haya. Huulizwa nje ya kanisa kule Kadutu, kwenye foleni ya mpaka wa Ruzizi, na usiku wa zamu wakati wagonjwa wametulia na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamepata ujasiri wa kusema kinachowasumbua. Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kuna tofauti gani kati ya kusomea udaktari na kusomea afya ya umma?

Daktari hukutana na mgonjwa aliyekwisha kufika mlangoni. Mtu wa afya ya umma huuliza ni nini kilichomleta mlangoni, na ni wangapi wengine wako njiani. Katika hospitali niliyofanyia kazi aliletwa mtoto mwenye kipindupindu. Tukamtundikia dripu, akapona, mama yake akatushukuru kwa machozi. Baada ya wiki chache akaletwa mdogo wake, kisha bibi yao. Mara zote tatu udaktari wangu ulifanya kazi yake, na mara zote tatu familia ile ilirudi nyumbani kuchota maji palepale ilipokuwa ikichota. Siku ya bibi ndiyo siku niliyoanza kutafuta masomo mengine.

Somo hili lina mizizi ya zamani. Mwaka 1854 daktari John Snow alichunguza vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, akaonyesha kwamba vilizunguka pampu moja ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Hayo yalitokea karibu miaka 30 kabla Robert Koch hajamtambua kimelea wa kipindupindu kwa hadubini yake. Sisi watu wa Kivu tuna kumbukumbu iliyo karibu zaidi na yenye uchungu zaidi: Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji ya ziwa yalinywewa bila kutibiwa, na ardhi ya mawe ya volkeno haikuchimbika kwa urahisi, si kwa vyoo wala kwa makaburi. Hakuna idadi ya madaktari ambayo ingetosha pale bila maji safi.

2. Je, ni lazima niwe daktari kwanza ndipo nisomee afya ya umma?

La. Darasani kwetu walikuwamo wauguzi, mfamasia, mtaalamu wa takwimu na mwanasheria mmoja. Kinachohitajika kwa kawaida ni shahada ya kwanza na, katika vyuo vingi, miaka miwili au zaidi ya kazi. Kuhusu wauguzi hasa, tazama swali la 13.

3. Niende ng'ambo mara tu baada ya diploma ya serikali (cheti cha kumaliza sekondari), au nianzie hapa?

Ushauri wangu, ambao wazazi wengi hawaupendi, ni kusomea udaktari wa msingi nyumbani au katika nchi jirani, kisha kwenda mbali kwa ubingwa au kwa afya ya umma. Anayeondoka na miaka 18 hujifunza uganga kwa miili, dawa na mashine za nchi nyingine. Akirudi hulazimika kujifunza upya malaria, bwaki (utapiamlo wa watoto), uzazi wa shida kijijini na hospitali isiyo na umeme. Anayeondoka akiwa amekwisha kuyaona hayo huenda na maswali yake mwenyewe, na mtu mwenye swali hujifunza haraka.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu. Alisomea udaktari Burundi, akarudi kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, akaona wanawake wanavyoumia na kufa kwa sababu ya uzazi, na ndipo alipokwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alirudi mwaka 1989, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 60, alitetea tasnifu yake ya uzamivu Brussels, miaka mitatu kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ninapenda kuwakumbusha vijana mfuatano huo: Lemera ilitangulia, Angers ikafuata.

4. Masomo huchukua miaka mingapi?

Katika mfumo wetu wa zamani udaktari ulichukua karibu miaka 7. Mageuzi ya LMD (mfumo wa licence, uzamili na uzamivu), yaliyoenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, yanabadilisha mpangilio huo, kwa hiyo uliza chuo chako. Uganda na Tanzania ni miaka 5, ikifuatwa na mwaka wa mafunzo ya vitendo. Ubelgiji ni miaka 6 kabla ya ubingwa, na Marekani udaktari husomwa kwa miaka 4 baada ya shahada nyingine. Uzamili wa afya ya umma huchukua mwaka mmoja au miwili.

## Kujiandaa

5. Kifaransa changu kinatosha?

Kinatosha kwa Ubelgiji, Ufaransa, Morocco, Senegal au Benin. Ukitaka Kampala, Nairobi au London utahitaji Kiingereza, na vyuo vingi vitadai mtihani wa IELTS au TOEFL, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Usiufanye mapema mno. Kuhusu Dar es Salaam, wengi wetu hudhani Kiswahili kitatuvusha. Kitakuvusha sokoni na wodini, na hiyo ni faida kubwa, lakini mihadhara ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza.

Nitaongeza jambo moja ambalo halimo katika fomu yoyote. Anza mapema kusoma makala za kitabibu katika lugha utakayosomea, ukurasa mmoja kila siku, kwa sauti. Aliyefaulu mtihani wa lugha bado anaweza kukaa kimya darasani mwaka mzima kwa sababu hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikitamka maneno yale.

6. Ni hati zipi zinazochelewesha watu zaidi?

Diploma ya serikali yenyewe. Wengi wetu tumekaa miaka na cheti cha muda tukisubiri diploma halisi, na chuo cha ng'ambo hakielewi hali hiyo isipoelezwa kwa barua. Baada yake ni pasipoti, kisha karatasi za alama za kila mwaka zenye sahihi na mhuri, ambazo ni vyema uziombe kabla hujaondoka chuoni, wakati makatibu bado wanakufahamu kwa jina. Pia andaa tafsiri iliyofanywa na mtafsiri aliyeapishwa ikiwa unaenda nchi isiyotumia Kifaransa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Tunza nakala ya kila kitu nje ya mji. Mlipuko wa volkeno ya Nyiragongo wa Mei 2021 na kuhamahama kwa watu kutokana na vita vimewafundisha wenzetu wa Goma kwamba karatasi inaweza kupotea kwa usiku mmoja.

7. Nani atalipa?

Ufadhili wa kusomea udaktari wa msingi ni mdogo mno. Upo kupitia serikali ya China, serikali ya Morocco, na chuo cha ELAM cha Cuba, kilichofunguliwa mwaka 1999, ambako masomo ni ya Kihispania. Nafasi hizo mara nyingi hupitia wizara. Ufadhili wa uzamili wa afya ya umma ni mwingi zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya ushauri nilioutoa katika swali la 3. Kwa miaka mingi Ubelgiji imewafadhili Wakongomani kupitia ARES kwa vyuo vya Kifaransa na VLIR-UOS kwa vyuo vya Kiflemishi. Uingereza ina Chevening, inayodai uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka 2. Ujerumani ina DAAD. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus.

Barua ya maombi ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaandika kwamba tangu utoto walitamani kuwasaidia wanyonge. Hilo ni kweli, lakini kila mwombaji ameliandika. Andika tatizo moja unalolijua kwa macho yako: zoni yako ya afya, ugonjwa wenyewe, ulichojaribu kufanya, kilichoshindikana, na ni somo gani katika chuo kile litakalokusaidia. Barua yangu iliyokubaliwa ilikuwa ile ya tatu, na ilimhusu bibi wa swali la 1.

8. Kuna mtu anayeahidi kunipatia nafasi ya chuo kwa malipo. Nimwamini?

Usimlipe kabla hujazungumza na chuo chenyewe. Binamu yangu alimpa mtu wa namna hiyo akiba ya mama yake, fedha za miaka ya kuuza samaki, akapelekwa nchi ya mbali kwenye chuo ambacho hakikuwa na kitivo cha udaktari. Alirudi baada ya miezi 8, na hadi leo hapendi kulizungumzia. Vyuo vya udaktari vinavyotambuliwa duniani vimo katika orodha iitwayo World Directory of Medical Schools, ambayo kila mtu anaweza kuisoma bure. Ikiwa chuo hakimo, acha. Ikiwa kimo, kiandikie moja kwa moja na ulipe katika akaunti ya chuo, wala si ya mtu.

## Kuishi huko na kubadilika

9. Watu husema ng'ambo hukubadilisha. Hubadilisha nini hasa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini.

Kwetu, yeyote aliyevaa blausi nyeupe ni munganga, na munganga haruhusiwi kutojua. Mgonjwa hataki kusikia neno "sijui", na mkuu wa idara hataki kulisikia kutoka kwa kijana wake. Nilikuwa nimelelewa hivyo, na kwa miaka sita nilijibu kila swali, hata pale nilipokuwa ninakisia. Wiki ya kwanza kule Ubelgiji mwanafunzi alimuuliza profesa wetu, mzee aliyefundisha epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea) kwa miaka mingi, swali kuhusu surua. Akafikiri, akasema: "Sijui. Tutafute." Akaliandika ubaoni. Nilimwonea aibu yeye, kisha usiku nikajionea aibu mimi, kwa sababu niliwakumbuka wagonjwa ambao ningeweza kuwahudumia vizuri zaidi kama ningelisema neno lile mapema na kumpigia simu mwenzangu.

Badiliko la pili lilikuwa la masikio. Tulifundishwa kufanya mahojiano ya utafiti, yaani kuuliza na kisha kunyamaza hadi mtu amalize. Ni kazi ngumu kuliko upasuaji mdogo. Niliporudi niliketi na wale tunaowaita reko, wajitolea wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, nikawauliza kwa nini familia fulani hazitumii bomba lililojengwa. Mama mmoja akanieleza kwamba bomba lile hufunguliwa saa ambayo wanawake wote wako shambani. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote nilikuwa nimekaa naye katika mikutano ambayo mimi ndiye niliyezungumza.

Badiliko la tatu halipendezi kulisimulia. Nilirudi nikiwa mkali, nikiona kila kitu chetu kimechelewa na kila mkutano hauna mpango. Ilinichukua karibu mwaka mmoja, na maneno makali ya muuguzi mkuu aliyenizidi umri kwa miaka 20, kuelewa kwamba watu waliobaki walikuwa wamelinda hospitali isifungwe wakati mimi nilikuwa maktabani. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

10. Nimekwisha kuwa daktari. Nitavumiliaje kuwa mwanafunzi tena?

Kwa shida. Nilikuwa na miaka 34 nilipoanguka mtihani wa takwimu, katika darasa ambalo wengine walikuwa na miaka 24. Hapa Bukavu watu walisimama nilipoingia chumbani; kule nilikuwa mwanamke mwenye lafudhi aliyeomba kurudiwa swali. Kilichonisaidia ni kujiunga na kikundi cha watu wanne tuliokuwa tukifundishana: Mvietnam mmoja alinifundisha hesabu, nami nilimweleza jinsi daktari anavyofikiri mbele ya mgonjwa. Mtihani wa marudio niliufaulu. Tafuta kikundi chako katika mwezi wa kwanza, wala usingoje kuanguka kwanza.

11. Mimi natoka Kivu. Nina nini cha kuwafundisha watu wa huko?

Zaidi ya unavyodhani. Siku moja katika mhadhara kuhusu upungufu wa madini joto ilionyeshwa ramani ya kisiwa, nikaona ni Idjwi, ambayo huonekana kwetu asubuhi ukungu ukiondoka ziwani. Katika miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, lilikuwa limeenea sana kaskazini ya kisiwa na kidogo zaidi kusini-magharibi, ingawa pande zote mbili zilikosa madini joto. Uchunguzi uliofuata ulielekea kwenye muhogo: usipoandaliwa vizuri huacha mwilini kitu kinachozuia tezi ya shingo kutumia madini joto kidogo yaliyopo. Darasa zima lilikuwa likijifunza kutoka kisiwa chetu. Mwalimu aliuliza muhogo huloweshwa kwa siku ngapi, na mimi peke yangu ndiye niliyeweza kueleza jinsi mama anavyojua kwa vidole kwamba umeiva, na kwa nini wakati wa njaa siku hizo hupunguzwa.

Kuna mifano mingine. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea virolojia (elimu ya virusi) Leuven, Ubelgiji, alikuwa katika kijiji cha Yambuku mwaka 1976 Ebola ilipotokea mara ya kwanza nchini kwetu. Dawa ya kingamwili iliyotokana na mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995 ilijaribiwa Kivu ya Kaskazini wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020. Aina mpya ya kirusi cha mpox iligunduliwa katika mji wetu wa machimbo, Kamituga, kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Usiingie darasani kama mtu aliyekuja kuchota tu.

12. Vipi upweke, ubaguzi, na simu za nyumbani za kuomba pesa?

Upweke huja hasa mwezi wa tatu, baridi inapoingia na mshangao wa mwanzo umekwisha. Tafuta kanisa au msikiti, pika fufu na sombe siku ya Jumapili, waalike wengine. Ubaguzi upo, nimewahi kuombwa na mgonjwa nimwitie "daktari halisi". Mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, kwa maandishi, badala ya kulibeba peke yako.

Kuhusu pesa, zungumza na familia kabla ya kupanda ndege. Waeleze papa, mama na wajomba kwamba ufadhili ni wa chakula na chumba, taja kiasi unachoweza kutuma na mara ngapi, na mchague mtu mmoja atakayepokea maombi yote. Nilifanya hivyo nikiwa nimekwisha kuchelewa, na nililipa deni la mazishi kwa fedha za vitabu. Kumkatalia ndugu aliyefiwa haiwezekani kwetu, nami sitakushauri umkatalie. Panga mapema ili uweze kumsaidia.

## Kurudi, na hali za pekee

13. Mimi ni muuguzi A1 (mwenye diploma iliyo chini ya shahada kamili). Mlango umefungwa?

Haujafungwa, lakini ngazi ipo. Vyuo vingi vya uzamili hutaka shahada kamili, kwa hiyo mwenye A1 kwa kawaida humalizia kwanza licence, yaani shahada kamili, kwa mfano katika ISTM, chuo cha ufundi wa tiba. Nasema kwa dhati kwamba wauguzi wanaofanya kazi kwenye vituo vya afya huwa wanafunzi bora wa afya ya umma, kwa kuwa wamejaza madaftari ya takwimu kwa mkono na wanajua namba zinavyozaliwa.

14. Diploma ya ng'ambo inatambuliwa hapa?

Kwa udaktari, utahitaji wizara ya elimu ya juu iithibitishe kuwa inalingana na ya kwetu, kisha uandikishwe katika baraza la madaktari, ambalo wote tunaliita Ordre, kabla ya kugusa mgonjwa. Anza kukusanya karatasi hizo ukiwa bado huko: mtaala wa masomo, saa za mafunzo ya vitendo, barua ya chuo. Kwa afya ya umma mambo ni mepesi zaidi ikiwa ulikuwa umeandikishwa tangu awali kama daktari au muuguzi.

15. Nikibaki ng'ambo baada ya masomo, je, nimewasaliti watu wangu?

Sitamhukumu mtu ambaye mtaa wake umepigwa mabomu au ambaye mtoto wake ana ugonjwa usiotibika hapa. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Kanuni hizo hazimkatazi mtu kuhama, bali huzitaka nchi tajiri zisiende kuwavuna kwa makusudi katika nchi zenye upungufu mkubwa, na Kongo ni mojawapo. Mzigo, basi, si wako peke yako. Hata hivyo, ikiwa ulisaini ahadi ya kurudi, itimize. Na ukibaki, yapo ya kufanya: mwenzangu mmoja aliyebaki hukagua tasnifu za wanafunzi wetu kila Jumamosi kwa simu, na nne kati yake zimekwisha kutetewa.

16. Mimi ni mama wa watoto wadogo. Inawezekana?

Inawezekana, na mimi ni shahidi. Niliwaacha wawili kwa dada yangu, mtaani Bagira, kwa mwaka mmoja, kwa kuwa ufadhili haukugharimia familia. Uliza swali hilo kabla ya kusaini, kwa sababu baadhi ya ufadhili huongeza posho ya watoto. Mtoto wangu mdogo alinikataa kwa wiki mbili niliporudi. Alimwita dada yangu "mama" na mimi akaniita "Dokta" kama wageni. Panga pia muda wa kurudiana nao, na usiahidi kuanza kazi Jumatatu inayofuata.

17. Nikishindwa na kurudi bila diploma, nitawaambia nini watu?

Omba kwanza karatasi ya alama za masomo uliyofaulu, kwa sababu vyuo vingine vinaweza kuyahesabu baadaye, hata baada ya miaka. Waambie ukweli watu watatu unaowaamini kabla ya kufika mpaka wa Ruzizi, ili mmoja wao akupokee upande wa pili na akusindikize hadi nyumbani. Binamu yangu wa swali la 8 hakupokewa na mtu. Sasa yuko mwaka wa tatu wa uuguzi hapa hapa Bukavu, na ameniomba nimsomee barua yake ya maombi atakapomaliza.